Mwanangu yuko darasa la pili, kitabu kizima anakisoma kwa kukariri, ukimwonyesha neno moja hawezi. Tatizo ni nini?

#1 Mama Zai
Habari za jioni wakuu. Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka minane, yuko darasa la pili shule ya serikali hapa Morogoro mjini. Nikitoka sokoni huwa namwambia alete kitabu tusome. Anasoma vizuri, anafuatisha na kidole, hakosei. Juzi dada yake akafunika picha kwa kiganja, akamwambia asome mstari wa katikati peke yake. Kimya. Akamwonyesha neno "kaka", akasema "baba". Kumbe kitabu chote amekishika kwa kusikia wenzake wakiitikia darasani, kidole kinatembea tu.

Kuandika ndiyo kabisa. Ubaoni ananakili vizuri, hata mwandiko wake ni mzuri. Ukimtajia neno aandike, anapanga herufi zozote.

Si mtoto mzito. Ukimtuma dukani vitu vitano bila karatasi analeta vyote na chenji kamili. Mwalimu wake namheshimu, lakini ana watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, na kila nikimuuliza anasema "atachangamka tu mama". Mwakani la tatu, na la nne kuna upimaji wa kitaifa. Nisubiri achangamke au kuna kitu nifanye? Naomba walimu na wazazi mliopitia haya.

#2 Chausiku wa Pwani
Nasogeza kiti. Na mimi ninaye wa namna hii, ila wa kike.

#3 Babu Mstaafu
Pole mwanangu. Nimeshika chaki tangu UPE (elimu ya msingi kwa wote) ya mwaka 74, na darasa la kwanza ndilo lililokuwa langu. Watoto wa siku hizi hawasomi kwa sababu mmeacha silabi. Sisi tulianza a e i o u, wiki nzima. Kisha ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Mtoto akishika hizo, unamwunganishia: ba-ba, ma-ma, ba-mi-a. Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa, hakina kona. Mrudishe kwenye silabi, kila jioni mstari mmoja, usiruke mpaka ameushika. Achana na kitabu kwanza, kwa sababu kitabu ameshakijua kwa masikio.

#4 Ngedere Mtini
Shikamoo babu. Marekebisho kidogo: 1974 ni Azimio la Musoma, ndilo lililoweka lengo kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu wengi wa UPE waliingia darasani baada ya azimio, siyo mwaka ule ule.

#5 Babu Mstaafu
Marahaba. Azimio nililisikia redioni nikiwa bado kijana wa kijiji, darasa nilikabidhiwa baadaye. Lakini silabi ni zile zile.

#6 Mwl Tausi
Babu heshima yako, hapa tutabishana. Mimi nafundisha la kwanza na la pili, nilipata mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ulipokuja mtaala ule wa 2015. Tulifundishwa kuanza na sauti ya herufi, siyo silabi. Sababu ni hii: kwa silabi mtoto anabeba zaidi ya mia kichwani, na ukiongeza mba, nda, nya, kwa, shwa anazama. Kwa sauti anabeba chache, akishajua /m/ na akajua irabu tano anaunda mwenyewe ma me mi mo mu bila kuimbishwa.

Na mtoto wa Mama Zai ndiye mfano wa mtoto aliyeimbishwa. Ana masikio mazuri na kumbukumbu nzuri, kwa hiyo amejificha ndani ya kwaya ya darasa. Watoto wenye kumbukumbu kali ndio tunaochelewa kuwagundua, kwa sababu kila ukipita anaitikia sawasawa.

Mama, fanya hivi usiku huu. Andika kwenye kipande cha boksi maneno ambayo hayapo duniani: "pamile", "dofe", "kulesa", "tibomu". Mwambie ni majina ya wanyama wa kwenye hadithi. Akiweza hata mawili, anajua kuunganisha, anakosa mazoezi tu. Asipoweza hata moja, rudi kwenye herufi moja moja uone anazijua ngapi.

#7 Babu Mstaafu
Mwalimu Tausi, hiyo /m/ peke yake haitamkiki kwa mtoto. Anaitamka "mu", ukimwambia aongeze a anapata "mua". Nimewaona kwa macho yangu. Anasoma "bua" badala ya "ba" halafu anatafuta bua liko wapi.

#8 Mwl Tausi
Kwa b na d ni kweli inasumbua, ndiyo maana tunaanza na zile zinazovutika: mmm, sss, lll, nnn. Mtoto anavuta mmmma, mmmme. B na d zinakuja nyuma.

#9 Kibajaji
Kwani mtoto alisoma chekechea gani? Kwetu Mbagala kuna chekechea za uchochoroni zinafundisha "ei, bii, sii, dii" kwa sababu wazazi wanapenda kusikia Kiingereza. Mtoto akifika la kwanza, herufi ile aliyoambiwa "ii" inageuka kuwa e, aliyoambiwa "ai" inageuka kuwa i, aliyoambiwa "ei" ni a. Mpwa wangu alikuwa anasoma "meza" kama "miza" na "pete" kama "piti" karibu mwaka mzima, anapigwa tu. Hakuna aliyejua anachanganya majina ya lugha mbili.

#10 Mama Zai
Asanteni. Kibajaji, alisoma chekechea ya jirani, ndiyo, waliimba ABC ya Kiingereza. Mwl Tausi, kesho nitafanya hilo la wanyama.

#11 Nesi Mwanamvua
Kabla ya silabi na sauti, mtoto amepimwa macho? Masikio je? Nafanya kazi wodi ya watoto. Tunaona watoto waliotoa usaha masikioni tangu wadogo, mzazi anaweka mafuta ya taa au majani, usaha unakauka, unarudi. Mtoto huyo anasikia, lakini "pa" na "ba", "ta" na "da", "fa" na "va" kwake ni kitu kimoja. Ataongea, atatumwa dukani, kwa sababu maneno mazima anayatambua kwa mazingira. Kwenye herufi ndipo anapoanguka.

Macho pia. Mtoto anayekaa nyuma kwenye darasa la mia na kitu, akinakili anaweza kuwa ananakili kwa jirani yake. Mwulize anakaa wapi. Nenda hospitali ya mkoa, kitengo cha macho na cha masikio, na uliza pia kama aliwahi kupata degedege au malaria kali iliyopanda kichwani. Hiyo inaweza kuacha alama kwenye kujifunza, na wazazi wengi husahau kuitaja.

#12 Fundi Saa
Nakazia hapo kwa nesi. Wangu aliitwa mjinga mpaka la tatu, tulipompeleka hospitali ya CCBRT kumbe haoni ubao. Miwani tu. Sasa yuko sekondari.

#13 Kijana wa Chalinze
Wakuu mnazunguka. Tatizo ni wingi. Tangu elimu bure ianze 2015 madarasa yamefurika, mwalimu mmoja watoto 150, mtoto gani atasikilizwa akisoma peke yake? Hata uwe na sauti, uwe na silabi, hesabuni dakika zenyewe. Kipindi hakitoshi hata nusu dakika kwa kila mtoto.

#14 Ngedere Mtini
Waraka wa elimu bila malipo ulitoka mwishoni mwa 2015, utekelezaji ulianza Januari 2016. Mengine nakubaliana na wewe.

#15 Kijana wa Chalinze
Ngedere wewe ni karani wa tarehe humu ndani. Asante.

#16 Bwana Shamba
Wingi si jibu lote. Sisi tulikuwa wengi, tunakaa chini, tunaandika mchangani kwa kijiti, na tulisoma. Babu yangu amejifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo cha jioni baada ya 1970, ule mwaka Mwalimu Nyerere aliouita wa elimu ya watu wazima, akiwa ametoka kulima. Simu na katuni ndizo zinazoua watoto. Mtoto anaangalia picha zinazotembea saa tatu, karatasi itamvutia na nini?

#17 Mwl Tausi
Bwana Shamba, mlisoma nyinyi mliosoma. Waliokaa na nyinyi mchangani wakashindwa hawako humu kuandika.

#18 Chausiku wa Pwani
Na simu siyo mbaya yote. Kati ya 2017 na 2019 huku kwetu Tanga yalifanyika yale mashindano ya XPRIZE, watoto wa vijijini ambao wengi hawakuwa wanasoma walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili wajifunze wenyewe. Vijiji karibu 170. Zawadi waligawana watengenezaji wawili wa programu, onebillion na Kitkit School. Nina ndugu Muheza, binti yake alikuwa mmojawapo, alishika herufi kwa kile kishikwambi kabla ya kumwona mwalimu. Kwa hiyo inategemea mtoto anaangalia nini humo ndani.

#19 Mzee wa Kaskazini
Na vishikwambi vikiharibika?

#20 Chausiku wa Pwani
Umeme wake ulikuwa wa jua, kijiji kina kituo cha kuchajia. Sasa hivi sijui chake kiko wapi, ila kusoma anasoma.

#21 Omari Kilifi
Salamu kutoka Kilifi. Huku Kenya, Tusome ilipoanza 2015 kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili alipewa kitabu chake, na mwalimu akapewa mwongozo wa somo la kila siku. Hapo ndipo kulikuwa na tofauti: kitabu cha mtu binafsi. Nyinyi mnasoma watoto watano kitabu kimoja, lazima mmoja asome na wanne waitikie. Huyo kijana wa Mama Zai ni mmoja wa wale wanne. Kwani Tusome haikufika kwenu?

#22 Mwl Tausi
Ilikuja kwa jina la Tusome Pamoja, lakini ni mradi mwingine, si ule wa kwenu. Ulikuwa Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar. Morogoro imo, Mama Zai, kwa hiyo uliza shuleni kama vile vitabu vya hadithi fupi bado vipo. Shule nyingine zimevifungia kabatini visichafuke.

#23 Dada wa Utrecht
Naomba niongeze neno ambalo halijatajwa: disleksia. Binti yangu amezaliwa huku Uholanzi, alipimwa akiwa na miaka minane. Ana akili, anaongea lugha tatu, lakini herufi kwake hazitulii. Si uvivu na si ujinga. Ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti za maneno, na mara nyingi inaenda kwenye ukoo. Baba yake naye husoma taratibu mpaka leo.

Kitu walichonieleza wataalamu kikanishangaza: kwenye lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kifini, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hatimaye hujifunza kuunganisha herufi, ila anabaki polepole sana. Kiswahili nacho kiko hivyo. Kwa hiyo huko nyumbani mtoto wa namna hii hafahamiki. Anaonekana "mzito" tu, anasukumwa darasa hadi darasa.

Mama Zai, kwenye ukoo kuna mtu aliyesumbuka kusoma?

#24 Bwana Shamba
Magonjwa ya Ulaya hayo.

#25 Dada wa Utrecht
Kaka, kupimwa ndiko kuliko Ulaya. Watoto wako kila mahali.

#26 Omari Kilifi
Kwetu Kenya kuna vituo vya tathmini ya elimu, EARC, tangu 1984. Mzazi anampeleka mtoto anapimwa. Foleni ni ndefu, lakini mlango upo. Tanzania mnaenda wapi?

#27 Mwl Tausi
Tuna chuo cha ualimu cha elimu maalum Patandi, kule Arusha, walimu wake wametawanyika mikoani. Afisa elimu maalum wa halmashauri anapaswa kujua mwalimu wa namna hiyo aliye karibu yuko shule gani. Mama Zai nenda halmashauri ukamwulizie.

Lakini dada wa Utrecht, niwe mkweli: nikiwa na watoto 110 na thelathini hawasomi, siwezi kusema wote thelathini wana disleksia. Kwanza niwafundishe vizuri, wanaobaki ndio nitafute. Tukilitoa jina hilo mapema, mwalimu anapata pa kumwachia mtoto.

#28 Dada wa Utrecht
Nakuelewa. Ila na kusubiri kuna gharama yake. Binti yangu alipofika minane alikuwa ameshaamini hana akili, na kumtoa hapo kumechukua muda kuliko kusoma kwenyewe.

#29 Kibajaji
Halafu hamjazungumzia fimbo. Mpwa wangu niliyemtaja, akiona kitabu anaanza kutetemeka. Mtoto anayeogopa hasomi, anatafuta jibu litakalomwokoa haraka, na la haraka ni kukariri. Si viboko vilishapigwa marufuku jamani?

#30 Ngedere Mtini
Kenya ndiyo walivifuta, 2001. Kwetu havijafutwa, vina kanuni. Kanuni za 2002 zinasema si zaidi ya vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Kushindwa kusoma "meza" hakumo.

#31 Babu Mstaafu
Kweli. Mtoto wa la kwanza hapigwi kwa herufi. Niliwaona wenzangu wakiwapiga hata wa mkono wa kushoto, eti waandike kwa wa kulia. Mtoto anabaki hana mkono hata mmoja.

#32 Mama wa Mapacha
Babu asante kwa hilo. Wangu mmoja ni wa kushoto na anaandika b kama d, s imegeuka. Ana miaka sita. Nianze kuogopa?

#33 Nesi Mwanamvua
Sita usiogope. Kugeuza herufi ni kawaida mpaka saba hivi. Ikiendelea sana baada ya hapo ndipo uulize.

#34 Yusufu Jezi
Mimi naleta njia ya kwangu, msinicheke. Kijana wangu alikataa vitabu vyote. Ni Simba damu. Nikaanza kununua Mwanaspoti, nikamwambia sikusomei tena, habari ya Simba iko ukurasa wa mbele, itafute. Alianza na majina ya wachezaji, akaja vichwa vya habari, akamalizia na msimamo wa ligi. Mtoto anasoma anachokitaka.

#35 Kijana wa Chalinze
Simba mwaka huo walikuwa wanafungwa au wanashinda? Maana kama walifungwa, amejifunza kusoma kwa machozi.

#36 Yusufu Jezi
Wewe wa Yanga tulia, tunazungumza elimu.

#37 Bi Mwanakombo
Mimi wa Tanga mjini, wajukuu zangu wanne wamepita mikononi mwangu, na nimewasomesha kwa kanga. Kila kanga ina jina lake, yale maneno yaliyoandikwa, upande wa chini wa mji, ile sehemu ya katikati. Mtoto akiamka nampa kazi: leo bibi amevaa nini? JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Anaanza na herufi anazozijua, anasaka nyingine. Neno halibadiliki siku nzima, linapita mbele ya macho yake jikoni, uani, kila mahali. Jioni aliandike bila kuangalia. Angalieni tu, kanga zimeandikwa kwa herufi kubwa zote, na shule wanaanza na ndogo. Mmoja alikuwa anajua A lakini a haijui. Nikamwandikia mwenyewe kwa mkaa ukutani, kubwa na ndogo pamoja.

Na jingine. Watoto wa chuoni (madrasa) hapa kwetu wanasoma Kurani kwa irabu za juu na chini, wanaunganisha herufi na irabu kabla hata ya kwenda shule. Wengi wao wakifika la kwanza wanajua tayari maana ya kuunganisha. Ila wapo wanaohifadhi tu kwa sauti, kama mtoto wa Mama Zai. Ndiyo maana maalimu mzuri humtoa mtoto katikati ya aya, hamwanzishi mwanzo.

#38 Mwl Tausi
Bibi, hilo la kumtoa katikati nimelichukua. Kesho nalitumia darasani.

#39 Mama Zai
Wakuu, mrejesho. Nilimwandikia wale wanyama. "Dofe" alisoma baada ya muda, kwa kunong'ona, d... o... do. "Tibomu" alisoma "dibomu". "Kulesa" akasema "kuresa", ila kwetu nyumbani mama mkwe ni wa Tarime na r na l wanazichanganya, kwa hiyo sijui nihesabu kosa. "Pamile" aliweza. Nikampa "mbuni" na "ndovu" za kweli, hakugusa kabisa.

Kingine nimekigundua baada ya post ya nesi: nikimwita kutoka upande wa kushoto haitiki, ananigeukia kwa kulia. Sikuwahi kutilia maanani. Alitoa usaha akiwa na miaka miwili.

Na mjomba wake, kaka yangu mkubwa, aliacha shule la tano. Kusoma anasoma, lakini gazeti humchukua asubuhi nzima.

#40 Nesi Mwanamvua
"Tibomu" kuwa "dibomu" na sikio la kushoto, mimi ningeanzia hapo. Usimwekee chochote sikioni. Jumatatu mpeleke.

#41 Dada wa Utrecht
Na mjomba. Usimsahau mjomba.

#42 Mwl Tausi
Mimi naona mtoto anayejua kuunganisha silabi nyepesi ambaye hakufundishwa mb, nd, mw, kwa sababu darasa lilikimbia. Kusoma "dofe" kwa kunong'ona ni kusoma. Peleka sikio kupimwa, lakini usisimamishe mazoezi ukisubiri daktari. Dakika kumi na tano kila jioni zinatosha, usizidishe. Anza na m inayosimama peke yake: m-ti, m-tu, m-ke, apige kofi mara mbili. "Mbu" nayo ni makofi mawili, m-bu. Halafu mpe "mboga", mbo-ga, aone hapo m imeungana na b. Watoto wengi wanakwama hapo hapo na sisi tunawapita.

Na r na l usimhesabie kosa kwenye kusoma. Kwenye kuandika, mwonyeshe neno, asitegemee sikio.

#43 Babu Mstaafu
Mwalimu Tausi, hayo makofi ni silabi, usidhani sijaona.

#44 Mwl Tausi
Nimekuona babu. Silabi za mdomoni sikuzikataa, nimekataa kuanza kuzikariri ubaoni.

#45 Omari Kilifi
Mama Zai, huko nyuma wale wapimaji wa Uwezo walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, kwenu na kwetu, wanampima mtoto mmoja mmoja: silabi, neno, aya, hadithi. Unaweza kumpima mwenyewe kwa mpangilio huo kila mwezi na karatasi mpya. Ile ya zamani usirudie, ataikariri.

#46 Mama Zai
Nimeshika. Jumatatu hospitali, halafu halmashauri. Makofi tumeanza leo, dada yake ndiye mwalimu. Mungu awabariki.

#47 Msafiri wa Nzega
Nimesoma uzi wote. Wangu yuko la kwanza, nyumbani kwa bibi yake wanaongea Kinyamwezi tu, Kiswahili amekikuta shuleni Januari. Hayo maneno yasiyokuwepo duniani, kwake hata "meza" ni mojawapo. Yeye aanzie wapi?

#48 Mwl Tausi
Aanzie mdomoni, siyo kwenye herufi. Vitu vya nyumbani kwanza, mvitaje kwa Kiswahili mkivigusa. Anaenda shule umbali gani, na ana mtoto mkubwa wa kuongozana naye?

#49 Msafiri wa Nzega
Kama saa moja kwa miguu. Yuko binamu yake wa la tano.

#50 Bi Mwanakombo
Basi huyo binamu ndiye umtafute.